Kabla ya kuuza parsele, ulizeni kipimo cha damu



Majuma machache yaliyopita, baada ya likelemba, tulipokuwa tunakunja mikeka, mama mmoja alibaki nyuma. Alingoja wenzake watoke, akafunga mlango, ndipo akatuuliza: "Ninyi walimu mnasoma vitabu. Ni kweli kuna labo wanakoosha maji ya mwanaume ili virusi vya SIDA vitoke?"

Tulimkalisha, naye akatueleza. Bwana wake anaishi na VIH na anakunywa dawa. Yeye mwenyewe hana. Wameoana miaka minne, na miaka yote hiyo wametumia kapote bila kuacha hata siku moja, kwa sababu bwana anampenda na hataki kumletea ugonjwa. Lakini nyumba haina mtoto. Mama mkwe anauliza kila sikukuu. Mashemeji wameanza kusema kwamba ndugu yao atafute bibi mwingine. Hakuna anayejua siri ya kapote, kwa hiyo lawama yote inamwangukia bibi: yeye ndiye tasa, yeye ndiye amefunga nyumba.

Walipojaribu kuuliza kwenye kituo kimoja cha afya, waliambiwa hivi: "Mshukuru Mungu kwamba bwana yuko hai. Mtoto mnamtakia nini?" Wakarudi nyumbani kimya. Halafu mtu akawaambia kwamba nje ya inchi kuna kliniki inayoosha manii, na kwamba itawagharimu maelfu ya dola. Siku ile mama alipotuuliza, bwana alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa parsele yao.

Hatukuwa na jibu siku hiyo. Sisi ni walimu wa shule ya msingi, si madokta. Lakini tulisoma, tukauliza dokta na wauguzi tunaowaamini, na tulipopata jibu tuliona halimfai yeye peke yake. Amekubali tuliandike hapa, bila jina wala avenue. Tunajua kati yetu wako wengine wanaobeba mzigo huo huo mlango ukiwa umefungwa.

Virusi hukaa wapi?

Tuanze na swali lake. Ndiyo, kuosha manii ni jambo la kweli, na ni la zamani kuliko tulivyodhani.

Manii si kitu kimoja. Ndani yake mna maji, mna mbegu zenyewe zinazokwenda kutafuta yai, na mna chembe nyingine za mwili, kama zile chembe nyeupe za damu. Virusi hupatikana hasa katika yale maji na katika chembe nyeupe. Mbegu zenyewe hazihesabiwi kuwa nyumba yao. Kwa hiyo, ukiweza kutenga mbegu na vile vingine, umebaki na kitu kinachoweza kumpa mama mimba bila kumpa ugonjwa.

Ndivyo alivyofanya dokta mmoja wa Milano, Italia, jina lake Augusto Semprini. Katika labo yake manii yalitiwa kwenye mrija na kuzungushwa kwa nguvu kwa mashine, mbegu nzito zikashuka chini na maji yakabaki juu. Maji yale yakamwagwa. Kisha mbegu zikawekewa maji mengine safi, na zile zenye nguvu zikaogelea kupanda juu, nazo ndizo zilizochukuliwa na kuwekwa ndani ya tumbo la uzazi la bibi. Mwaka 1992 alitangaza habari ya wanawake 29 waliotibiwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Lakini hofu ilikuwepo, na ilikuwa na sababu. Mwaka 1990, huko Marekani, iliripotiwa habari ya mwanamke aliyepata virusi baada ya kuwekewa manii ya bwana wake yaliyokwisha kuoshwa. Kuosha peke yake, basi, hakutoshi. Ni kama mama anayeosha muhogo na kusema umeiva kwa sababu tu ameuosha. Lazima uonje. Ndiyo maana labo nyingi za Ulaya ziliweka sheria: baada ya kuosha, chukua sehemu ya zile mbegu, zipime kama bado kuna virusi, na usimwekee bibi mpaka jibu lirudi safi. Mara chache jibu lilirudi baya, na manii yale yakatupwa.

Kwa njia hiyo vituo kadhaa vya Ulaya vilitibu bibi na bwana 1,036, kwa mizunguko 3,390, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 2007. Kati ya wanawake waliopimwa baadaye, hakuna aliyekutwa na virusi.

Kupima manii si kama kupima damu

Hapa tulijifunza jambo ambalo hatukulijua. Mashine inayohesabu virusi ilitengenezwa kwa ajili ya damu. Manii ni mazito, na yana vitu vinavyoweza kuizuia mashine isifanye kazi yake. Mashine iliyozuiwa inaweza kuandika "hakuna", kumbe vimo.

Akina mama wa sokoni mtaelewa upesi. Ukitaka kujua kama mizani ya mwuzaji ni ya kweli, unaweka kwanza jiwe la kilo moja unalolijua. Mizani ikisoma kilo moja, unaiamini. Labo nazo hufanya hivyo: zinatia ndani ya manii kitu wanachokijua kiasi chake, kisicho na madhara, halafu wanaangalia kama mashine imekiona. Ikikiona, jibu la virusi linaaminika. Isipokiona, kipimo kinarudiwa.

Jambo la pili: damu na manii ni kama vyumba viwili vya nyumba moja. Mara nyingi vinafanana, lakini si kila siku. Mwaka 1997 madokta walitangaza habari ya wanaume 135 wenye VIH waliopimwa huko Malawi. Wale waliokuwa na ugonjwa wa zinaa unaotoa usaha kwenye njia ya mkojo walikuwa na virusi mara 8 zaidi ndani ya manii kuliko wale wasio na ugonjwa huo. Walipopewa dawa, baada ya majuma mawili virusi katika manii vilikuwa vimepungua. Wanaume hao hawakuwa wanakunywa dawa za ARV; wakati ule hazikuwa zimefika kwetu. Lakini somo linabaki: usaha, maumivu wakati wa kukojoa, au vidonda vya sehemu za siri visiachwe. Vinatibiwa, na vinatibiwa kwa wote wawili.

Habari iliyotoka kwa majirani zetu

Habari iliyotugusa zaidi haikutoka Ulaya. Ilitoka karibu, ng'ambo ya Kasumbalesa.

Tangu mwaka 2004, madokta waliwafuata bibi na bwana ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, katika inchi saba za Afrika: Zambia, Tanzania, Uganda, Rwanda, Botswana, Afrika Kusini na Kenya. (Kenya inchi, si komini yetu ya Kenya.) Huko Zambia walikubaliwa watu wa Lusaka, wa Kitwe na wa Ndola, miji ya shaba kama yetu, ambako wengi wetu tuna ndugu. Watu 3,408 wenye virusi, pamoja na wenzao wasio navyo, waliingia katika kazi hiyo.

Kati yao, wanaume 716 walitoa manii yapimwe, na wanawake 1,805 walipimwa maji ya mlango wa uzazi. Fikiria ujasiri huo! Tunajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi baba wa nyumbani apime hata malaria. Na hawa walikubali kupimwa kitu ambacho hata kukitaja ni haya.

Jibu lilitangazwa mwaka 2011. Virusi katika manii vikizidi mara 10, hatari ya bibi kuambukizwa ilikaribia kuwa mara mbili. Na virusi katika maji ya mwanamke vikizidi mara 10, hatari ya bwana ilipita mara mbili. Kwa maneno mengine, ugonjwa hauendi kwa bahati wala kwa laana. Unafuata hesabu. Hesabu ikipanda, hatari inapanda. Hesabu ikishuka, hatari inashuka.

Basi swali likawa: tunaishushaje?

Dawa ndiyo inayoosha

Jibu liko mikononi mwa bwana wa yule mama, kila siku asubuhi. Ni kile kidonge.

Mwaka huo huo wa 2011 yalitoka matokeo ya kazi nyingine, iliyowafuata bibi na bwana 1,763, wengi wao wa Afrika. Mwenye virusi alipoanza dawa mapema, maambukizi kwa mwenzake yalipungua kwa asilimia 96. Kisha huko Ulaya wakawafuata wawili wawili 888 ambao mmoja ana virusi, anakunywa dawa vizuri, na virusi havionekani tena katika damu yake. Walilala pamoja bila kapote karibu mara 58,000. Mwaka 2016 jibu likatangazwa: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake.

Ni kweli kwamba siku moja moja alama ya virusi inaweza kuonekana katika manii ya mtu ambaye damu yake ni safi. Lakini katika wale 888 hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Hata kabla ya hapo, mwaka 2013, waandishi wa mwongozo wa uzazi wa Uingereza waliandika kwamba kwa bwana anayefuata dawa, ambaye virusi havijaonekana katika damu yake kwa miezi zaidi ya sita, asiye na ugonjwa mwingine wa zinaa, huenda kuosha manii hakuongezi usalama. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema wazi: anayekunywa dawa kama inavyotakiwa, na virusi vyake havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa.

Tulipomweleza mama hayo, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Kwa hiyo ile labo ya maelfu ya dola inafanya kazi ambayo dawa ya bure imekwisha kuifanya?"

Tukamjibu: huenda. Lakini kwanza ulizeni kipimo.

"Charge virale" ni kitu gani

Kipimo hicho kituoni wanakiita "charge virale". Wanatoa damu kidogo mkononi, na mashine inahesabu virusi katika mililita moja ya damu. Jibu linaandikwa kwa kopi. Likiwa chini ya 50, huwa wanaandika "indétectable", yaani havionekani. Likiwa juu ya 1,000, dawa haijashinda: labda mgonjwa anaruka siku, labda dawa yenyewe haifai tena na inabidi ibadilishwe.

Tulimwuliza mama: hesabu ya mwisho ya bwana wako ilikuwa ngapi? Hakujua. Bwana naye hakujua. Alikuwa amepimwa zamani, na hakuna aliyemwambia jibu. Miaka minne ya kapote, miaka minne ya matusi ya mashemeji, parsele karibu kuuzwa, na namba moja hakuna aliyeiuliza.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu. Mgonjwa anafundishwa kupokea dawa na kushukuru, hafundishwi kuuliza. Na mwanzoni mwa 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, watu wanaoishi na virusi waliona jinsi huduma zao zinavyotegemea maamuzi ya mbali. Sababu zaidi ya kuuliza, na kuandika jibu katika daftari letu wenyewe, nyumbani.

Anayetaka mtoto afanye nini?

Tumeyapanga kama tunavyoandika ubaoni, ili mama aweze kuyakata na kuyaweka katika Biblia au katika daftari la mapishi.

Kwanza, pimweni wote wawili. Wengi hudhani kama mmoja anao basi na mwingine anao. Si kweli. Wako wengi wanaoishi pamoja miaka, mmoja anao na mwingine hana.

Pili, mwenye virusi afuate dawa kila siku, na aulize "charge virale" yake. Msiache kapote kwa sababu ya jibu la zamani wala kwa sababu bwana "anaonekana mzima". Ngojeni mpaka virusi viwe havionekani, na vikae hivyo kwa miezi sita. Dokta ndiye atakayewaambia kwamba sasa mnaweza.

Tatu, mwoneni dokta kuhusu magonjwa ya zinaa. Tumekwisha kusema yanavyoongeza virusi kwa asiyetibiwa. Zaidi ya hayo, yanaweza kuziba njia ya yai kwa mwanamke, na hapo mimba haiingii hata kama kila kitu kingine ni safi.

Nne, jueni siku zenu. Mama mwenye mzunguko wa siku 28 huwa na yai karibu na siku ya 14, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Siku chache kabla ya hapo ndizo siku za mimba. Siku nyingine mnaweza kuendelea na kapote mkitaka.

Tano, asiye na virusi anaweza naye kukingwa kwa dawa, hasa kama hesabu ya mwenzake haijashuka bado. Inaitwa PrEP. Kazi iliyofanywa Uganda na inchi ya Kenya kwa wawili wawili 4,747, iliyotangazwa mwaka 2012, ilionyesha kwamba moja ya dawa hizo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Ulizeni kituoni.

Sita, kama bibi ndiye mwenye virusi na bwana hana, iko njia isiyodai labo wala dola. Siku za mimba bwana anatoa manii katika chombo safi au katika kapote isiyo na dawa ya kuua mbegu, na bibi anayaingiza mwenyewe kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Bwana hagusi hatari yoyote. Mwuguzi anaweza kuwaonyesha. Na bibi afuate dawa yake vilevile, kwa ajili ya afya yake na ya mtoto.

Na labo ya kuosha manii? Haijapoteza kazi. Inahitajika pale ambapo mbegu za bwana ni chache, au njia za bibi zimeziba, au virusi haviteremki hata baada ya kubadilisha dawa. Huko Harare, Zimbabwe, imejaribiwa kama moja ya njia ambazo bibi na bwana huchagua. Na huko Thika, katika inchi ya Kenya, wawili wawili 74 walisaidiwa kutafuta mtoto kwa dawa, kwa kipimo cha damu na kwa kuhesabu siku. Hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Hayo ndiyo yanayotupa moyo: Thika si Milano. Kilichofanyika Thika kinaweza kufanyika Lubumbashi.

Na mtoto mwenyewe?

Mama asiye na virusi, asipoambukizwa, hawezi kumpa mtoto kitu asicho nacho. Lakini apimwe tena akiwa na mimba na wakati wa kunyonyesha.

Mama mwenye virusi asikate tamaa. Bila dawa, watoto kati ya 15 na 45 kwa kila 100 huambukizwa. Kwa dawa, inashuka chini ya 5. Asiache kidonge hata siku moja, azalie kituoni, mtoto apewe dawa yake na apimwe akiwa na majuma sita, na anyonyeshwe kama wauguzi wanavyoeleza. Akina mama wanaoambiwa waache dawa kwa sababu wameombewa, tunawasihi: ombeni, na mnywe. Mungu hakasirishwi na kidonge.

Neno kwa mama wakwe na mashemeji

Tunajua gazeti hili dogo linasomwa pia na mama wakwe. Tunawaheshimu, ninyi ndio mliotulea. Lakini kabla ya kumwita mke wa mtoto wenu tasa, kumbukeni kwamba kuna mambo ya chumbani ambayo hamkuambiwa, na huenda mtoto wenu ndiye anayelindwa na kimya cha bibi yake.

Na kwa wauguzi wachache wanaowauliza wagonjwa "mtoto mnamtakia nini": inchi yetu ina sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za watu wanaoishi na VIH na kukataza wasibaguliwe. Kutaka mtoto si kosa. Anayeuliza jinsi ya kumpata bila kumdhuru mwenzake ni mtu mwenye upendo, na anastahili kujibiwa vizuri.

Yule mama alirudi kwetu juma lililopita. Bwana ametolewa damu, na jibu limetoka: havionekani. Dokta amewaambia wangoje kipimo cha pili baada ya miezi, ndipo wataanza kuhesabu siku. Mtoto bado hajapatikana, na hakuna anayeweza kuwaahidi. Lakini mnunuzi wa parsele ameambiwa arudi kwao, na mama ameanza kubeba daftari dogo ndani ya mkoba. Ukurasa wa kwanza una tarehe moja na neno moja.

Mwenye swali asilolitaka kulisema mbele ya watu, aliandike kwenye karatasi bila jina na kulitia ndani ya sanduku la chama. Tutalitafutia jibu.